Picha ya Mtaroni

Saa tano usiku, mtambo ukinguruma chini ya sakafu,
mhariri Rweyemamu alinisukumia picha mbili.
"Chagua wewe. Macho yangu yamekwisha."
Moja: mgombea udiwani jukwaani, mkono juu.
Ya pili: mgombea yuleyule, Manzese, baada ya mvua,
kabebwa mgongoni na kijana pekupeku
avushwe mtaro, viatu visilowe.

Nikachagua ya pili.
Nikaitandaza safu tano,
nikaiwekea juu herufi nene kama matofali:
ATAVUKA?
Nikaenda kulala nikijiona nimeshapiga kura elfu kumi
kabla jogoo hajawika.

Asubuhi nilijibanza karibu na meza ya Shomvi.
Magazeti yamening'inia kwa vibanio vya nguo,
na wasomaji wa bure wamejaa, mikono nyuma,
wale wasomao kuanzia herufi kubwa mpaka kwenye bei,
kisha huyoo, wanaondoka.

Fundi saa akasema, "Kaanguka huyu, wamemwokoa."
Muuza mitumba akasema, "Ona anavyopendwa,
hata ardhi hawamwachi aikanyage."
Mmoja akauliza kijana kalipwa ngapi.
"Hajalipwa. Huyo Kondo, wa Bi Chausiku.
Kiuno kinamuuma mpaka leo."
Mwanafunzi akasoma kwa sauti, "Atavuka!",
alama ya kuuliza akaimeza kama punje ya karanga.

Nilitaka kuwaambia: someni vizuri.
Lakini gazeti likishatoka halina mdomo wa pili.

Jioni nikanunua vitumbua kwa Bi Chausiku.
Akanifungia kwa ukurasa wangu.
Mafuta yalishapenya shavu la mgombea,
uso ukang'aa, ukawa mwembamba,
nikasoma kupitia kwake tangazo la upande wa pili:
kiwanja kinauzwa, Kivule, hakina mgogoro.

"Mama, gazeti hili umelisoma?"
"Nanunua kwa kilo, baba.
Nikisoma kila kilo, vitumbua atageuza nani?"
"Na kura?"
Akageuza kimoja. Akageuza cha pili.
"Mwanangu kamvusha. Uchaguzi uliopita
mume wangu alimvusha, mtaro huohuo,
na hapakuwa na mpiga picha."
Hakusema kama hiyo ni ndiyo au hapana.
Akanirudishia chenji, imelowa mafuta.

Siku yenyewe foleni ilizunguka shule ya msingi.
Fundi saa alikuwa mbele yangu.
Akaingia kwenye kituturi,
akakaa humo, akakaa,
nami shingo ikaniwasha kwa hamu ya kuchungulia:
ni neno langu lililoshika ile kalamu,
au bei ya unga,
au shemeji yake aliyemnong'oneza jana matangani,
au alikuwa anatafuta miwani tu?

Zamu yangu ikafika.
Karatasini sura zote zilikuwa ndogo, safi,
macho wazi, kola zimenyooka.
Hakuna mtaro.
Mkono wangu ukasita, kisha ukaenda
moja kwa moja ulikokuwa umetumwa
usiku ule, juu ya mtambo, na mtu mmoja aliyechoka.
Elfu kumi sizijui.
Hiyo moja naijua.

Saa tatu usiku wakabandika matokeo
kwenye mlango wa darasa la tatu B.
Hayana rangi, hayana picha, mwandiko wa kalamu.
Watu wakamulika kwa simu,
wakasoma mstari kwa mstari, hadi sahihi za mawakala,
hadi kura zilizoharibika: kumi na tisa.
Hakuna aliyeruka kitu.
Nikasoma juu ya mabega yao, bure, mikono nyuma.

Mbele yangu kijana mmoja alikuwa ameshika kiuno.
Nikafungua mdomo nimwite Kondo,
nikakumbuka maelezo niliyoandika chini ya picha,
herufi ndogo, mstari mmoja:
mgombea, kushoto, akivushwa na mkazi.